Vitabu Saba na Watoto Kumi na Watatu

Jumatatu, 2 Septemba

Msimamizi kutoka mjini amekuja na kuondoka kabla chokoleti niliyomchemshia haijapoa. Ameacha vitu viwili mezani: sanduku lenye vitabu saba vya picha, na karatasi moja. Vitabu ni vya kuwasomea watoto. Karatasi ni ya kunitisha mimi. Inasema nyumba yoyote ya watoto itakayokutwa na watoto pungufu ya kumi na wawili siku ya ukaguzi, tarehe 28 Novemba, itafungwa.

"Unao wangapi, Nubia?"

"Kumi na watatu, Doña Maritza."

"Sasa hofu ya nini?"

Yeye anakaa mjini, haijui Oktoba. Kahawa ikishaiva, kila mwanamke wa kijiji chetu cha El Yarumal hufunga kikapu kiunoni na kupanda mlimani, na asiyemwamini mwalimu hupanda na mtoto wake. Kabla sijaifanya sebule yangu kuwa shule, miaka minne iliyopita, wote walipanda nao. Miteremko yetu hata mbuzi huikanyaga kwa adabu. Mtoto wa jirani yangu Blanca aliviringika kutoka kichwani mwa shamba mpaka kwenye migomba; sasa ana miaka tisa na bado anachechemea. Kwa hiyo naandika hapa, nisije nikajidanganya baadaye: mwaka huu hakuna mtoto wa El Yarumal atakayeshinda chini ya mbuni. Kumi na watatu nimeanza nao, kumi na watatu nitamaliza nao.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimevisoma vyote saba, mara mbilimbili. Mpango wangu ni huu: Jumatatu tunasoma kitabu kimoja, halafu wiki nzima tunafanya yaliyomo. Kikiwa na mto, tutachimba mto. Kikiwa na supu, tutapika supu. Hakuna kukaa kwenye kiti kuandika herufi moja mara mia kama mtu anayelipa dhambi.

Jumatatu, 9 Septemba

Kitabu cha kwanza: kuku aliyetoka kidogo akarudi akakuta bata, sungura na paka wakilikalia yai lake kwa zamu. Salomé, mjukuu wa Doña Rosmira, ana miaka mitano na ulimi wa miaka hamsini. Amesema, "Huyo paka hana joto la mama." Tumejenga viota kwa majani makavu ya migomba, tumemulika mayai kwa tochi kwenye giza la chumba changu, tumeona mishipa ndani. Hata mimi nimebana pumzi.

Jumatano, 11 Septemba

Jua. Viota.

Jumapili, 15 Septemba

Leo kanisani padri aliposema tupeane amani, Doña Rosmira alimkumbatia mjukuu wake kwa nguvu, na kitu kikafanya *kwach*. Salomé alikuwa ameficha mayai mawili ya bibi yake ndani ya blauzi tangu alfajiri. Ute ulishuka mpaka kwenye soksi nyeupe. Kanisa zima lilicheka isipokuwa watu watatu: Salomé aliyekuwa akilia msiba wa vifaranga, bibi yake, na mimi.

Doña Rosmira alinisubiri mlangoni mwa kanisa.

"Mwalimu, mjukuu wangu nilimleta asome, siyo aatamie."

"Amejifunza kuhesabu siku ishirini na moja, Doña Rosmira. Amejifunza joto, amejifunza kusubiri..."

"Kusubiri tunajifunza kwa wanaume, hatuhitaji mwalimu. Daftari lake liko wapi? Wiki mbili, hakuna hata mstari mmoja! Mwalimu wa kule bondeni anawajazia kurasa nzima. Herufi m kutoka juu mpaka chini. Mtu unaona kazi."

Wamama wawili nyuma yake walitikisa kichwa kumkubalia. Hapo ndipo penye hatari. Doña Rosmira ndiye anayewapikia wachumaji wa Don Argemiro, mwenye shamba kubwa la kahawa, watu arobaini, milo mitatu. Linalosemwa jikoni kwake wakati wa kifungua kinywa, saa sita mchana limeshafika kileleni. Huyu mwanamke si mpishi, ni redio.

Jumatatu, 23 Septemba

Mvua imeanza. Wachumaji wageni wameanza kushuka kwenye malori, na magodoro yao yamelowa. Mmoja wao, Eneida, ametoka kusini na mtoto wa miaka minne anayeitwa Duván. Alisimama mlangoni hakuthubutu kukanyaga sakafu yangu.

"Wanasema watoto wetu hamwapokei, kwa sababu tunaondoka."

"Nani kasema?"

"Jikoni."

Nikamwambia amwache. Duván hasemi. Hata jina lake kalitaja mama yake. Ameketi kwenye kona, amekunja mikono, akitutazama kama mzee aliyekuja kukagua shamba.

Jumatatu, 30 Septemba

Kitabu cha dubu na theluji. Hakuna aliyewahi kuona theluji. Nilikuwa nimeanza kueleza, Salomé akanikatiza: "Mwalimu, hujui? Dubu anatembea kwenye maua ya kahawa." Watoto wote wakakubali. Nikagawa karatasi. Tumechora dubu wakiwa mashambani mwetu mwezi wa maua, na wana raha zaidi kuliko wa kitabuni.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua. Mvua. Soksi kumi na nne juu ya jiko.

Jumanne, 8 Oktoba

Leo nitaandika yote.

Jana tulisoma kitabu cha rangi. Msichana anapanda mlima na kikapu, anatia ndani kitu kimoja cha kila rangi, anamletea mama yake mgonjwa. Kitabu kizuri kupita vyote. Leo asubuhi nikawapa kila mmoja kikombe cha plastiki, nikasema: "Haya, nileteeni kila rangi mliyoiona kitabuni." Nilimaanisha uani. Kuna maua uani, kuna pilipili, kuna beseni la bluu. Nikaingia kuchochea moto wa maharage.

Waliporudi, vikombe vilikuwa vimejaa. Nilikuwa na moshi machoni. Mtoto wa kwanza akaninyooshea chake nami nikapiga makofi: "Kijani kizuri namna gani! Kumbe mna macho!" Wa pili, wa tatu, nikaendelea kusifu. Halafu moshi ukatoka nikaona ninachokisifu. Kahawa mbichi. Kijani ngumu kama kokoto, nyingine na vikonyo vyake, nyingine na kipande cha tawi. Walikuwa wamepenya tundu la uzio na kuingia shamba la Don Argemiro, wiki mbili kabla ya kilele cha mavuno.

Asiyezaliwa huku atasema ni vikombe tu. Sisi mtoto hufundishwa kutogusa mbichi kabla hajafundishwa ishara ya msalaba. Punje moja ya kijani huharibu ladha ya kikombe kizima, na mnunuzi akiiona anausogeza mfuko pembeni bila neno. Ukivunja tawi, umevunja na maua ya mwakani. Marehemu baba yangu alinichapa mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa kijani tatu. Na mimi, binti yake, mwalimu, nimepiga makofi!

Saa sita habari ilikuwa imeshafika kileleni. Saa tisa wamama wakaanza kuja, na hawakuketi. "Mwalimu Nubia anawafundisha watoto kuchuma mbichi," ndivyo wanavyosema, na ubaya wake ni kwamba ni kweli. Doña Rosmira alikuja wa mwisho. Sikumbuki alivyovaa, nakumbuka alivyomshika Salomé mkono.

"Mayai nilinyamaza."

"Hukunyamaza, Doña Rosmira."

"Nilinyamaza kwa kadiri yangu. Hili siwezi. Mimi nakula kwa kahawa hii, mwanangu. Na wewe unakula."

Wameondolewa watoto wanne. Nina tisa, na Duván. Nimeona aibu mpaka shingoni.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa Don Argemiro. Alikuwa akigeuza buni juani, hakuinua kichwa.

"Na watoto sina neno," alisema. "Neno ninalo na mwalimu."

"Nimekuja kulisikia."

"Nimeshalisema."

Nikamwambia nitachuma kwake Jumamosi tatu, bila malipo, kwa kikapu changu. Hapo ndipo aliponitazama. "Mbivu tu," akasema. Nililistahili.

Ijumaa, 11 Oktoba

Jana nilitaka kuvimwaga vile vikombe, nikaona ajabu. Cha Duván kilikuwa na nyekundu nne na njano sita. Hakuna mbichi hata moja. Zile njano nilidhani hazijaiva. Nikaziminya, zikatoa utomvu mtamu. Ni zile za mibuni ya juu, ambazo hata zikiiva hubaki njano. Watoto wetu kumi na watatu waliozaliwa hapa walijaza kijani ili kumfurahisha mwalimu, na mgeni asiyesema alichuma kama fundi. Hakuna aliyemsifu. Nilikuwa nimeshaanza kulia wakati wa zamu yake.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kiuno. Sina zaidi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimewaona. Kwenye kichwa cha mstari wa tatu, chini ya turubai, watoto wangu watatu kati ya wanne walioondolewa. Mdogo amefungwa kamba kiunoni, ncha nyingine kwenye shina, asije akaviringika. Mama yake, msichana wa miaka ishirini, aliniona nimeona. "Usiniangalie hivyo, mwalimu. Kamba ni ndefu." Sikuwa namlaumu. Nilikuwa nalaumu makofi yangu.

Mchana nikashuka jikoni kuchukua sahani yangu na wachumaji wengine. Salomé alikuwa mezani karibu na jiko, kichwa juu ya daftari, amesinzia na penseli mkononi. Ukurasa mzima wa m. Ukurasa wa pili m zimeanza kuanguka kama walevi wanaorudi nyumbani. Nikatoa sauti ya dharau kidogo, sikujizuia, na Doña Rosmira akaisikia.

"Cheka. Wewe una vyeti ukutani."

"Amechoka, Doña Rosmira."

Akaweka mwiko chini. Mikono yake ina alama za kuungua mpaka kwenye viwiko, sikuwahi kuziona kwa sababu sikuwahi kutazama chochote chake ila mdomo.

"Mimi nilisoma miezi mitatu," alisema. "Baba alipokuja kunitoa, sista alinipa daftari langu niondoke nalo. Kurasa mbili. Ninalo mpaka leo, pamoja na cheti cha ndoa. Mume wangu alipokuwa akiniita mjinga, nilikuwa namfungulia: haya, huu mkono wa nani? Wewe unawasomea, wanacheka, halafu kitabu unakifungia kabatini kwako. Mtoto anarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka ujao wakimtoa, akaolewa, akaanza kuosha masufuria, ataonyesha nini?"

Nilikula maharage yangu. Yalikuwa matamu, na nililisema hilo, kwa kuwa ndilo pekee nililokuwa na hakika nalo.

Jumapili, 20 Oktoba

Nilimwita redio kwenye kurasa za nyuma. Sifuti, ni kweli. Lakini redio nayo husema jambo la maana, nami nilikuwa nimeziba masikio kwa ujuaji wangu. Yeye hapigani na vitabu. Anapigania kitu cha kushika mkononi.

Basi watapata cha kushika. Vitabu vya sanduku ni saba. Cha nane watatengeneza wenyewe.

Jumatatu, 21 Oktoba

Tumekata karatasi za mifuko ya saruji, tumezikunja, tumezishona mgongoni kwa uzi wa magunia. Kila mtoto kitabu chake. Sheria ni moja: wao wanachora, wanaamuru, mimi naandika walichosema bila kukirekebisha. Rangi tumezitengeneza wenyewe: mkaa, kiazisukari, manjano, majani ya mchicha. Kijani imekwisha ya kwanza, kama kunikumbusha vile vikombe.

Duván amechora tangu asubuhi. Miti, miti, miti. Leo mchana akanivuta sketi, akaweka kidole chini ya mti, na kwa sauti nzito ambayo sikuitarajia kwenye kifua kile akasema:

"Andika. Kijani, hapana."

Nikaandika. Akaniangalia nikiandika, akahakikisha, akarudi kwenye kona yake. Nilikwenda nyuma ya jiko nikajipangusa uso kwa aproni.

Jumamosi, 26 Oktoba

Jumamosi ya mwisho. Nilibeba kikapu na karatasi tupu zilizoshonwa, nikampa Salomé jikoni kabla sijapanda. "Mchoro na maneno yako. Bibi atakuruhusu ukimaliza ukurasa wake wa p." Doña Rosmira alikuna pua, hakukataa. Kumbe binti yake anayemmenyea ndizi, na anayejua kuandika, alikuwa jikoni siku hiyo. Ndiye aliyeandika alichoamriwa.

Niliposhuka kula, wachumaji arobaini walikuwa kimya, jambo ambalo sijawahi kuliona mbele ya sahani. Salomé amesimama juu ya kreti, ameshikilia kitabu kikiwatazama wao, kama ninavyoshika mimi.

"Huyu ni bibi yangu. Anaamka kabla ya jogoo. Anageuza arepa, mikate yetu ya mahindi, kwa mkono kwa sababu koleo ilipotea. Hapa anaimba, lakini akiniona anaacha."

Kwenye mchoro mdomo wa Doña Rosmira ulichukua nusu ya ukurasa. Mchumaji mmoja akapaza sauti: "Doña, mchoraji kakupunja, mdomo ni mkubwa kuliko huo!" Jiko zima likalipuka. Nilisubiri sufuria iruke. Yeye akapokea kile kitabu kwa ncha za vidole, akakigeuza, akapitisha gumba kwenye mshono.

"Hiki ni chake? Hakirudi kabatini?"

"Ni chake mpaka kufa, Doña Rosmira."

"Koleo haikupotea," alisema. "Mtu aliichukua." Akakitia ndani ya aproni.

Jumatatu, 28 Oktoba

Salomé amerudi. Na mtoto wa kamba amerudi. Kumi na mmoja, na Duván wa kumi na wawili. Uzio nimeuziba mwenyewe, kwa waya na matusi.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua imekata njia ya bondeni. Tumejenga daraja kwa vijiti, kisha tumelipima kwa nyayo: nyayo kumi za Salomé, nane za watoto wangu wakubwa. Ugomvi mkubwa kuhusu nani ana mguu wa kweli.

Jumanne, 19 Novemba

Nimewahesabu wakiwa wamelala mchana. Kumi na wawili.

Alhamisi, 28 Novemba

Doña Maritza alifika saa nne, matope mpaka magotini. Alihesabu vichwa kwa kalamu, akatabasamu. Alifungua vitabu vyao kimoja baada ya kingine, akavipiga picha. "Nubia, sijaona kazi kama hii mkoa mzima. Nitaiweka kwenye ripoti." Salomé alimuuliza kama yeye ana kitabu chake, akasema hana, Salomé akamwonea huruma waziwazi.

Halafu akaomba vyeti vya kuzaliwa. Alipofika kwa Duván, kalamu ikasimama.

"Huyu ameandikishwa kusini."

"Lakini yuko hapa."

"Ataondoka mavuno yakiisha. Wa msimu hahesabiwi, mpenzi."

"Amekaa kwenye kile kiti kila siku kwa miezi miwili. Amekula hapa, amelala hapa, amesema neno lake la kwanza hapa. Nihesabu nini basi, kama si mtoto?"

"Inanisikitisha, amini." Nadhani kweli ilimsikitisha. Alikataa chokoleti. Aliandika *kumi na mmoja*, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Jumatano, 4 Desemba

Barua imekuja na gari la mjini. Mwisho ni Ijumaa. Chakula cha serikali hakitaletwa tena, na sebule yangu inarudi kuwa sebule.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimewapa vitabu vyao. Sikuwaambia watoto kitu, wamama niliwaambia. Waliwashika watoto mikono wakashuka, na hilo liliniuma kuliko kelele za Oktoba. Nilipofunga mlango nililia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa. Niliahidi kumi na watatu. Sikuwafikisha.

Jumatatu, 9 Desemba

Nilikuwa nimejifunika gubigubi, mlango ukapigwa teke. Siyo kugongwa. Teke.

Doña Rosmira, na sufuria kubwa kichwani ikitoa moshi, na Salomé mbele yake amesukwa nywele.

"Nimekuja kulalamika," alisema. "Saa moja na nusu na mlango umefungwa! Wewe mwalimu wa namna gani?"

"Doña Rosmira, imefungwa. Barua imekuja."

"Imekuja kwa nani?"

"Kwangu."

"Sasa? Mimi sikupata barua. Blanca hakupata. Sisi tuliokuzalia watoto hakuna aliyeandikiwa." Akanipita, akaiweka sufuria juu ya jiko langu, akafunua. Maji ya sukari guru na arepa juu yake kwenye kitambaa. "Nawapikia wanaume arobaini wanaokula kama nyumbu. Hawa wako ni mabaki ya chungu. Kuhusu riziki yako tutaongea Jumapili baada ya misa, Don Argemiro naye atakuwepo, nimeshamwambia."

"Akasemaje?"

"Sikumuuliza, nimemwambia. Vaa viatu, mwanangu, wanakuona."

Nikachungulia. Wanapanda njia kwa mstari, kila mama na kikapu kiunoni, kila mtoto na kitabu chake cha karatasi ya saruji kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Wale wawili wa Oktoba ambao hawakuwa wamerudi, nao wamo, wakijificha nyuma ya sketi. Limeshasemwa jikoni asubuhi, limeshafika kileleni.

Nimevaa viatu. Nimefungua madirisha. Nimesimama mlangoni na kalamu, na kwa kila aliyeingia nimetia alama kwenye karatasi ambayo hakuna ofisi itakayoisoma. Wamefika kumi na wanne.

Lori la kusini linaondoka Alhamisi. Duván nimemhesabu wa kwanza.